Shimo la Tatu la Bi Kuchakulo

Paukwa!

"Pakawa!"

Mbona mnaitikia kama mna usingizi? Paukwa!

"Pakawa!"

Haya, sasa mko macho.

Hapo zamani za kale, Bi Kuchakulo alikuwa na duka la karanga njia panda. Karanga zake tamu, lakini kichwa chake, Mungu amsaidie! Kuchakulo mnawajua: akipata chakula anakifukia, akishakifukia anasahau alipokifukia.

Siku moja mbiu ikapigwa: kesho Bwana Korongo, mkaguzi wa ushuru wa mfalme, atapita madukani. Atakayekutwa ameficha mali, duka lake litafungwa.

Bi Kuchakulo akashika kichwa. "Ole wangu! Nimefukia mashimo matatu, na wanangu wanakula kwa duka hili!"

Jirani yake Nguchiro akacheka. "Kwani Korongo anaona chini ya ardhi? Nyamaza tu."

"Mimi nasahau, jirani. Siibi."

Akachimba, akachimba, akachimba, akapata shimo la kwanza. Akachimba, akachimba, akachimba, akapata la pili. Akachimba, akachimba, akachimba, la tatu wapi! Kucha zikamuuma, akalia.

Asubuhi Korongo huyo, anakuja kwa madaha.

"Hodi!"

"Karibu, bwana."

Korongo akakagua makapu. "Karanga zako ndizo hizi tu?"

Nguchiro, mlangoni kwake, akakonyeza: sema ndiyo! Bi Kuchakulo akampa mgongo.

"Hapana, bwana. Kuna shimo la tatu. Nililifukia kabla ya mvua, na sikumbuki ni wapi."

Korongo akaweka kapu chini. Kisha akasema, "Tangu nianze kazi hii, hakuna aliyewahi kuniambia nisichokiona. Twende tukatafute."

Wakazunguka nyuma ya jiko. Bi Kuchakulo alikuwa ameinamia udongo mtupu, majani akiyapita tu. Korongo, na miguu ile mirefu, akatazama kutoka juu.

"Haya majani ya karanga, nani kayapanda?"

Bi Kuchakulo akafukua kidogo. Lo! Karanga zake zilikuwa zimeota!

"Mama," Korongo akasema, "hapa hukuficha mali, umelima shamba. Na shamba halitozwi ushuru mpaka livunwe."

Akachukua haki ya mfalme kwenye makapu, akaenda zake. Duka likabaki wazi. Bi Kuchakulo akacheza, akaimba, akawakumbatia wanawe. Halafu akachomeka kijiti penye shamba lake, asije akasahau tena.

Keshoye akauliza, "Jamani, nani kachomeka kijiti hapa?"

Hapo ndipo ilipokomea hadithi yangu. Mwenye karanga mfukoni, atutolee tutafune.