Siwatu na Gego la Mbuzi Mmoja

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini? Mwaitikia tu, hamjui. Pakawa na jino, jino likawa na shimo, shimo likawa na moto, na moto ukakosa wa kuuzima. Mwenye meno na atulie, mwenye mapengo na asogee karibu yangu.

Hapo kale, bibi yangu hajazaliwa, katika bonde la mpunga palikaa mwanamke jina lake Siwatu. Mjane. Hana mtoto, hana mbuzi. Alikuwa na kijaruba kimoja cha mpunga, na kazi yake kubwa ilikuwa kuamia ndege. Mpunga ukianza kutia maziwa, Siwatu hupanda dunguni, kichanja cha kulindia shamba, alfajiri na kupiga kelele mpaka jua lizame, na ndege huenda kula kwa wengine. Sauti yake ndiyo iliyomlisha.

Siku moja gego lake la nyuma likaanza. Ndu. Ndu. Ndu. Kama mtu atwangaye ndani ya taya.

Asimwambie mtu. Na nyinyi mnajua, mficha maradhi kilio humfichua. Akaweka karafuu. Gego likanyamaza, likalala, likaamka. Ndu, ndu, ndu. Akifungua kinywa apige kelele, upepo unamwingia kama sindano. Ndege wachache wakashuka, wakalitazama dungu, wakaitana.

Jirani yake, Mize, akamwona anapanda dungu ameshika shavu. Akamwambia jino likiuma lina mdudu, aende kwa Mzee Bungara, mganga wa mvuke. Siwatu akambeba kuku wake wa pekee, akaenda. Mzee Bungara akachoma mbegu za ndulele juu ya kigae, akamfunika shuka, akamwambia aachame auvute moshi, mate yadondokee kwenye bakuli la maji. Shuka ilipofunuliwa, vidudu vyeupe vinaelea. Mzee akamwonyesha kwa kijiti: huyu baba, huyu mama, hawa watoto wao. Siwatu akashukuru, akamwacha kuku, akarudi na mbegu za akiba.

Hajafika kwake, ndu, ndu, ndu. Na sasa shavu linavimba. Akazichoma zile mbegu za akiba, bakuli la maji likiwa kando. Kabla hajainama, mbegu zikapasuka, na vidudu vyeupe vikarukia majini. Nawauliza, mdomo wa nani huo? Kigae hakina meno. Vile ni viini vya mbegu, wajukuu zangu, na kuku keshaliwa.

Asubuhi shavu limepanda, jicho limebaki ufa. Mize alipomwona akakaa chini. Alikuwa na shangazi aliyeanza hivyo hivyo: jino, shavu, jicho, kisha shingo, na mpunga wake ukavunwa na watu wa matanga. Mize hakutaka kulisema hilo, akalisema. Siwatu akajishika shingo. Upande mmoja ilikuwa ngumu.

Wakaenda mji wa jirani, kwa Fundi Mwinchande, mng'oa meno. Huyo hakuwa na vidudu. Alikuwa na koleo, na taya hajapata kulivunja hata moja. Ila jino moja kwake ni mbuzi mmoja, na alikuwa na neno lake, watu wote walilijua.

Siwatu akaeleza kwamba hana mbuzi, akaomba alipe mpunga ukivunwa. Fundi akalitazama shavu, akatazama upande wa bondeni.

"Mpunga wako, mama, uko vinywani mwa ndege. Mbuzi kwanza, mdomo baadaye."

Akaomba alipe kwa kazi. Mbuzi kwanza. Akaomba kwa jina la Mungu. Mbuzi kwanza.

Miguu ikakataa kumrudisha. Akajilaza nyuma ya nyumba ya fundi, kichwa kwenye paja la Mize. Na huko nyuma ndiko waliko wanagenzi wa fundi, watu wazima wenye ndevu, wanachomeka vijiti kwenye donge la udongo na kuving'oa kwa koleo la kuazima. Mize hakuumbwa kunyamaza. Akauliza kwa nini watu wenye mvi wanacheza udongo. Mmoja wao, Faki, akaeleza. Fundi hampi mwanagenzi koleo lake mwenyewe mpaka ang'oe jino la mtu hai mbele ya watu wa mji. Na nani atatoa kinywa?

"Nimemwomba hata mama mkwe wangu," Faki akasema. "Tangu siku hiyo akiniona hufumba mdomo. Hata salamu haitikii."

Siwatu akainua kichwa. Na maumivu yote yale, akacheka kwa upande mmoja.

"Faki, ndugu yangu, kinywa kimekuja chenyewe."

Faki akakimbia kwa fundi. Fundi akaja akijikuna ndevu. Alikuwa anazeeka, na miji ya ng'ambo ya mto ilikuwa ikimwomba wang'oa meno, naye hana hata mmoja wa kupeleka. Akaacha kumtaja mbuzi. Watu wakaitwa, wakajaa uani, mkeka ukatandikwa. Faki akanawa, akashika koleo, na mkono ukamtetemeka mpaka chuma kikalia.

Siwatu akaliona lile koleo linavyocheza. Moyo ukampiga kuliko gego. Asipong'olewa, shingo. Aking'olewa vibaya, taya. Mngefanyaje, nyinyi? Yeye akafumba mdomo.

Fundi akamwambia afungue. Kimya. Watu wakamsihi. Kimya. Faki akamwomba, karibu alie. Ndipo Siwatu akasema, meno yakiwa yamekutana:

"Kiapo kwanza, mdomo baadaye."

Ua mzima ukacheka, isipokuwa fundi. Akauliza kiapo gani. Siwatu akamtaka aape mbele ya wote kwamba atampaka dawa ya ganzi ile ile ya wenye mbuzi, na kwamba jicho lake halitabanduka kinywani mwake mpaka gego litoke. Fundi akatazama huku, akatazama huku. Kila upande anatazamwa. Akaapa.

Dawa ikapakwa, wakangoja ufizi ufe ganzi. Faki akaingiza koleo, akabana, akavuta pumzi. Na fundi, kwa kuwa aliapa kutazama, akaona.

"Faki. Hilo ni zima. Bovu liko nyuma yake."

Faki akalegeza, akasogea nyuma, akabana, akatikisa polepole kama ang'oaye muhogo asitake ukatike. Ndu. Ndu. Na ndu ya tatu haikuja. Gego likatoka na mizizi yake, usaha ukafuata, na Siwatu akapitiwa na usingizi pale pale mkekani, mbele za watu.

Shingo ikalainika. Jicho likafunguka. Akapanda dungu. Nusu ya mpunga ilikuwa imeliwa, siwafichi, na mwaka ule alikunywa uji mwembamba. Lakini alipopiga kelele, sauti ilipita pengoni ikatoa mluzi ambao ndege hawajapata kuusikia. Wakaruka wote kwa mpigo.

Faki akapewa koleo lake. Wenziwe nao hawakungoja sana, maana kila asiye na mbuzi sasa alipitia nyuma ya nyumba. Huko kazi huenda polepole, utaachama mpaka taya lichoke, na macho mengi yatakuchungulia. Vumilia. Ila usifungue kabla ya kiapo.

Ngano yangu imeng'oka na mizizi yake, shimo nawaachia nyinyi. Mwenye jino zima akalale nalo. Mwenye bovu aseme sasa, taa haijazimwa. Na wewe hapo uliyeshika shavu tangu nianze, nimekuona. Njoo hapa, achama.