Mikono ya Kushoto

Kuna mtu hukaribishwa kivulini akang'ang'ania jua, akidhani kila kivuli ni cha kaburi. Huyo ndiye waliyemlenga wahenga waliposema kuwa mkataa pema, pabaya pamwita.

Katika kiwanda kidogo cha kushona sare palikuwa na mkataji wa nguo aliyeitwa Mkasi. Kwa miaka ishirini na sita, hakuna kitambaa kilichofika kwenye cherehani bila kupita mezani kwake. Alipotimiza miaka hamsini na mbili, mwili ukaanza kumgeuka. Magoti yalilia kama mlango usiotiwa mafuta, na tarakimu za utepe wa kupimia zikawa zinatembea kama siafu. Badala ya kununua miwani, Mkasi alinunua rangi ya nywele. Joto lilipozidi, rangi ilimtiririka shingoni, naye akasema ni jasho la mwanamume wa kazi.

"Jasho lako linachafua kola," mkewe alimwambia akifua. "Mvi hazijawahi kunipa kazi hivi."

Bosi wao alikuwa binti wa marehemu mwenye kiwanda. Asubuhi moja alimwita ofisini, akamvutia kiti mwenyewe.

"Mjomba, baba aliniachia kiwanda, lakini aliyenifundisha kitambaa ni wewe. Nataka uache kusimama kutwa. Ukae pale dirishani, ukague kazi na kuwafundisha wakataji wapya. Mshahara ni uleule."

Katika maneno yote hayo, Mkasi alisikia moja tu: uache.

"Kwa hiyo nimezeeka."

"Nani amesema hivyo, mjomba?"

"Kiti kimesema."

Nyumbani alisukuma sahani kando. Leo kiti, alimwambia mkewe, kesho mlangoni, keshokutwa hata jina watalisahau. Mkewe alimsikiliza hadi mchuzi ukapoa.

"Baba watoto, umri hauombi ruhusa. Mimi nilipoacha kubeba ndoo mbili nikabeba moja, maji yalifika nyumbani vilevile. Kaa kitini."

"Wananizika mzima."

"Basi wamekuzika na mshahara. Wenzako huzikwa bure."

Hakucheka. Kesho yake alikikataa kiti, akaomba kazi kubwa kuliko zote ili awaoneshe: sare mia mbili za wauguzi, za kitambaa cha buluu kinachong'aa upande mmoja. Bosi alisita, lakini heshima ikamfunga mdomo.

Mkataji hutandaza kitambaa tabaka juu ya tabaka, upande wa kung'aa ukitazama juu, akakata mkono mmoja wa vazi. Kisha huigeuza karatasi ya kipimo anayoifuata, akakata wa pili. Asipoigeuza, hupata mkono uleule mara mbili. Hilo mwanagenzi hulijua wiki ya kwanza. Lakini siku ile Mkasi alikata huku akichungulia ofisini kuona kama anatazamwa. Wasiwasi ulikuwa umemjaa kichwani hadi ufundi ukakosa pa kukaa. Karatasi hakuigeuza.

Mshonaji wa kwanza alipachika mkono upande wa kulia, akaufumua, akaupachika tena.

"Mjomba Mkasi, hawa wauguzi wana mikono mingapi ya kushoto?"

Kiwanda kizima kiliangua kicheko, kisha kila mmoja akageukia rundo lake. Mikono mia nne, yote ya kushoto. Kitambaa cha kurudia hakikuwapo, na mteja alikwenda kwingine.

Bosi hakufoka, afadhali angefoka.

"Mjomba, mengi nimekusitiri. Hili limenishinda. Meza siwezi kukurudishia."

"Na kile kiti?"

"Ulipokikataa nilimpa mwingine. Nimwinue nimwambie nini?"

Siku hizi Mkasi hutia viraka suruali za wapita njia chini ya ngazi za jengo lililochakaa, maji machafu yakimdondokea begani. Hutunga uzi mara tano kabla haujaingia kwenye sindano. Mchana mmoja mkewe alimletea chakula, akakuta sindano imeanguka na mumewe anapapasa sakafu.

"Mwaka mzima niliiogopa siku hii," Mkasi alisema bila kuinua uso.

Mkewe alichuchumaa, wakawa wanapapasa wote wawili.

"Haikuwa inakuja," alisema taratibu. "Umeifuata wewe."

Mkasi aliendelea kuitafuta sindano. Pema palimbembeleza, akapageuzia kisogo. Pabaya palimwita mara moja tu, akaitika. Kweli, mkataa pema, pabaya pamwita.