Somo wa Mjukuu wa Bi Mwantumu

Sogeeni, na asinikatize mtu mpaka niulize.

Hospitali moja ya mkoa ilikuwa na wanawake watatu. Zamoyoni, muuguzi, alijaliwa jicho. Sikudhani wa maabara alijaliwa mkono: alikata nyama ya mgonjwa iliyoletwa kupimwa, nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Daktari Namsifu, msomaji wa darubini, alijaliwa kichwa kisichodanganyika kirahisi.

Kirahisi, nimesema. Bi Mwantumu alipolazwa na uvimbe kwenye ini, Namsifu aliandika: saratani ya kawaida ya ini. Dawa kali ikapangwa Jumatatu. Bibi wa watu alitaka jambo moja tu, ampakate mjukuu ambaye binti yake alikaribia kumzaa.

Jumatatu Zamoyoni alishika dripu, akasita. Kila mama huyu akinywa chai, uso ulimwaka bila homa, kisha akakimbilia chooni.

"Siitundiki mpaka nyama ipimwe upya," akamwambia mkubwa wake. Akapewa siku mbili, na barua ya onyo.

Nyama iliyobaki ilimtosha Sikudhani kukata vipande viwili tu. Kimoja alikitia dawa ya kusaka kromogranini, protini inayobebwa na seli zinazomwaga homoni, zile ziwezazo kuwasha uso na kuharisha. Ikiwepo, seli hugeuka kahawia. Chupa ilikuwa imepita tarehe, naye alijua, ila nyingine haikuwepo. Basi kipande cha pili akakificha. Kando ya kile cha kwanza, kama ilivyo desturi ya maabara, akaweka nyama ya kidole tumbo cha mtu mzima wa afya, ambayo ina seli hizo na lazima igeuke.

Namsifu akachungulia. Hakuna kahawia. Kalamu ilishaanza kuandika "hapana" aliposogeza kioo chenye vipande, akaona hata kidole tumbo hakikugeuka.

"Sikudhani, dawa yako imekufa," akasema. "Na mimi nilikosea tangu mwanzo."

Sikudhani akatoa kipande alichoficha. Dawa mpya ikaombwa hospitali jirani, na siku ya pili kahawia ikatapakaa. Ilikuwa saratani nyingine kabisa, yenye tiba yake.

Bi Mwantumu akampakata mjukuu, msichana, akaapa apewe jina la aliyemwokoa. Leo ni siku ya saba ya mtoto, siku ya kupewa jina. Wanawake watatu wamekaa mkekani, hakuna anayemtazama mwenzake.

Mmoja alikaidi amri. Mmoja alitumia dawa mbovu, akaweka akiba. Mmoja alikosea, akajisahihisha. Jina ni moja, na mtoto analia. Haya, ninyi mngemwita nani?