Kikohozi cha Juu ya Ngazi

"Babu yenu mmemfungia wapi?"

Bi Mwanaate aliuliza hivyo mbele ya sinia la futari, na kila mtu akajifanya ana tende mdomoni.

Nyumba yake ya mawe, Mji wa Kale wa Mombasa, ilikuwa imekatika pumzi. Zamani upepo uliingia uani, ukapanda ngazi, ukatokea kwenye tundu la juu. Mumewe alipofariki, tundu likaanza kukohoa kikohozi chake kilekile, kikavu, kila alfajiri. Wanawe wakaingiwa na hofu. Baada ya arobaini wakaliziba, wakazipiga kuta zote simiti hata mahali pake pasijulikane, ati nyumba ipendeze. Tangu hapo kuta zikawa zinatoka jasho, viyoyozi vinanguruma kutwa, na ndani tanuri vilevile.

Sasa Ami Shee, mwanawe mkubwa, alisema imetosha. Idi ikipita atang'oa madirisha ya nakshi aweke ya alumini, afunike boriti kwa dari ya plastiki, na mama ahamie fleti.

Bibi hakubishana. Alisema mjukuu atakayeirudishia nyumba pumzi bila kuibadilisha sura, ufunguo wa mlango mkubwa ni wake, na kauli ya nyumba ni yake. Ami Shee akacheka, lakini nani avunje neno la mamake?

Wajukuu walikuwa watatu. Tima alijaliwa macho, Famau mikono, Shekue moyo usioogopa wafu.

Tima alitia udi chetezoni, akaufuata moshi chumba kwa chumba. Binamu zake wakamuuliza anamfukizia jini gani. Moshi ulipanda ngazi, ukafika juu, ukasita, kisha ukamrudia usoni kama mgeni aliyefungiwa mlango. Ndipo akajua nyumba inanyongwa wapi. Akateremka mbio, maana nyuma ya simiti kitu kilikuwa kimesafisha koo.

Famau aliibandua simiti ukuta baada ya ukuta, akapaka chokaa. Mawe yakakauka, yakapoa kama mtungi. Kazi yote aliifanya ameipa ngazi mgongo.

Shekue alipanda na tindo. Akabisha, "Hodi, Babu," akangoja kidogo, akavunja. Upepo ukapanda kwa kishindo, mitandio ikapepea kwenye kamba. Viyoyozi vikazimwa. Na kule juu, mchana kweupe, mtu akakohoa.

Bibi akafumba macho. "Karibu," akasema.

Ukaja ubishi. Famau akasema tundu lingepoza nini kuta zikiwa zinatoka jasho. Shekue akasema nyinyi wawili mlijua na mkakimbia. Tima akauliza, bila yeye, wangebomoa ukuta gani? Ami Shee akaingilia kati: wapewe wavulana, Tima ataolewa aondoke na ufunguo wa watu.

Tima akamgeukia. "Ami," akasema polepole, "siku mliyoliziba tundu, mlikuwa wanaume pekee."

Juu ya ngazi kikohozi kilikatika, kama mtu aliyenyamaza asikilize. Bibi alikuwa ameunyoosha mkono wenye ufunguo, akiwatazama mmoja mmoja, na mkono wa mzee huchoka upesi.

Macho yaliyoona, mikono iliyoponya, au moyo uliobisha hodi: wewe ungemkabidhi nani nyumba hii, na aliyemo?

Tafadhali, taja jina moja.