Keki Iliyofichwa Mfukoni

Aliyetunga methali isemayo "Ukitaka kuruka, agana na nyonga" hakuwahi kuona baiskeli ya gia ishirini na mbili, lakini naapa aliwahi kutua mtaroni kwa makalio. Maana yake ni nyepesi. Kabla hujajitupa kwenye jambo kubwa, keti kwanza na viungo vyako mpatane, kwa sababu ahadi utaitoa wewe kwa mdomo, ila watakaoitimiza ni wao. Na viungo vya mwili havina adabu: vikikataa, vinakataa mbele ya watu.

Rozemie Cosyns alikuwa na kibanda cha chipsi karibu na kituo cha treni cha Geraardsbergen. Kwa miaka ishirini na mitatu aliwakaangia watu wa mji viazi mara mbili, kama ipasavyo, na kuwapakulia mayonesi bila ubahili. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa, kicheko kilichosikika hadi ng'ambo ya mto, na kilo mia moja na mbili. Kila Jumapili asubuhi alivaa jezi ya manjano ya klabu akaenda kuendesha baiskeli na wenzake. Katika msafara alikuwa wa mwisho, na nyuma yake ulikuwapo upepo tu.

Klabu ilikutana katika mkahawa wa Odette Uyttersprot, mjane wa miaka sabini na minne. Ukutani mwa mkahawa ule palikuwa na ubao mweusi wa mwaloni. Kila Jumapili ya mwisho ya Agosti wanachama waliendesha kilomita sabini, wakamalizia kwa kupanda Muur, yaani Ukuta, kilima kikali cha barabara ya mawe ambacho kileleni kina kanisa dogo. Aliyefika kanisani bila mguu wake kugusa chini, Odette alimwandika jina ubaoni kwa rangi nyeupe. Aliyekwisha kuandikwa aliongezewa mstari mmoja kila mwaka alipofaulu tena. Baba yake Rozemie, aliyekwisha kufariki, alikuwa pale na mistari kumi na minne. Kaka yake alikuwa na mitano. Rozemie alikuwa amejaribu mara sita, na mara zote sita mguu ulikuwa umeyasalimu mawe.

Krismasi ilipokaribia, Odette aligonga glasi kwa kijiko.

"Wanangu, magoti yangu yamestaafu, nami nayafuata. Agosti ijayo tutaandika ubao kwa mara ya mwisho. Jioni ile ile nafunga mlango."

"Umesikia, Mama Chipsi?" Aliyesema alikuwa Gust Roelandts, mwezekaji mapaa mstaafu wa miaka sitini na saba, mwembamba kama spoku, mwenye mistari thelathini ubaoni bila kukosa hata mwaka mmoja. "Ni mwakani, au tukuandike kwa mkaa kwenye mlango wa choo!"

Watu waliangua kicheko. Rozemie aliwashinda wote kwa kucheka, maana aliyezoea kuchekwa hujifunza kuanza yeye. Lakini usiku ule, akivua viatu nyumbani, aliona kana kwamba macho ya baba yake yanamtazama kutoka kwenye ule ubao, ingawa ubao hauna macho.

Januari alikwenda kwa daktari wake, mama mpole ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimwonya kuhusu shinikizo la damu. Daktari alimpima, akamsikiliza, kisha akamwandikia sindano za kupunguza uzito, ajichome tumboni mara moja kwa wiki, kila Jumatatu.

"Nisikilize vizuri," daktari alisema. "Dawa hii itailaza njaa yako. Njaa ikilala, wewe usilale. Siku za baiskeli kula kwa saa, usingoje tumbo likuite, halitakuita. Na siku ya sindano ni Jumatatu. Usiiwahishe."

"Daktari, mimi na chakula tunajuana tangu utotoni. Hatuwezi kusahauliana."

Walisahauliana. Hadi Julai Rozemie alikuwa amepungua kilo kumi na tisa. Ngazi za nyumbani, zilizokuwa adui, zikawa ngazi tu. Magoti yaliacha kulalamika. Jumapili moja alimpita mwenyekiti wa klabu kwenye mwinuko, na mwenyekiti akadhani ni pikipiki. Daktari alifurahi, na furaha yake ilikuwa ya haki, kwa maana dawa ilikuwa ikifanya kazi iliyotumwa.

Kitu kimoja tu Rozemie hakukiweza, nacho ni kusema. Sindano alizificha kwenye friji ya kibanda, nyuma ya ndoo ya mayonesi, na walioulizia siri ya wembamba wake aliwajibu, "Supu ya mboga." Aliogopa maneno. Watasema muuza chipsi amenenepesha mji mzima, kisha yeye mwenyewe amekwenda kununua wembamba duka la dawa. Aibu ni mzigo usioonekana kwenye mizani.

Agosti ilipofika, mizani ilikwama kwenye themanini na tatu. Ilikwama kama punda aliyeona daraja. Hakuna aliyemwambia Rozemie kwamba Ukuta haupandwi na mtu wa kilo themanini na tatu; alijiambia mwenyewe, na maneno ya kujiambia hayana wa kuyapinga. Basi Ijumaa kabla ya siku kuu alifungua friji, akasogeza ndoo, akajichoma sindano ya Jumatatu siku tatu kabla ya wakati wake. Jumamosi alikula nusu tofaa. Jumapili aliamka na kichefuchefu, akapanda mizani: themanini na moja. Akanywa kahawa chungu, akatoka akiona fahari.

"Kilicho chepesi hupaa," alijiambia. Hata karatasi ni nyepesi, lakini sijaona karatasi ikipanda mlima bila kusukumwa na upepo.

Baada ya kilomita arobaini klabu ilisimama kwenye bustani ya mwokaji mmoja, kama kila mwaka. Kila mtu alipewa keki yake ya maziwa ya mgando, ile ya duara yenye ganda linalobomoka kidevuni, na desturi ilikuwa kwamba hakuna anayeondoka hadi keki zote ziishe. Mkaguzi alikuwa Gust.

"Kula, Mama Chipsi. Ukuta haupandwi kwa tabasamu."

Rozemie aling'ata chembe moja. Kile kichefuchefu cha asubuhi kikarudi. Akageuka kana kwamba anatengeneza soksi, akaifunga keki ndani ya kitambaa cha karatasi na kuisukumia kwenye mfuko wa nyuma wa jezi.

"Nimemaliza!"

"Mara hii? Tumbo lako lina mlango wa nyuma?"

"Na sebule ya wageni. Karibu!"

Wakacheka, wakapanda baiskeli. Gust alicheka pia, lakini alimtazama mara mbili.

Walipofika chini ya Ukuta, Rozemie alianza kama mwewe. Aliwapita watu wawili, watatu, wanne. Mawe yaliitikisa baiskeli hadi meno yakagongana, lakini miguu ilizunguka, na akilini mwake Odette alikuwa tayari anachovya brashi. Nusu ya mlima ikapita. Zilibaki kona mbili.

Waendesha baiskeli wa kule humwogopa kiumbe mmoja wanayemwita mtu mwenye nyundo. Hukaa mahali usipopajua, humngoja aliyeishiwa chakula mwilini, humpiga kichwani mara moja tu. Siku ile alikuwa amekaa kwenye kona ya kwanza kati ya zile mbili. Rozemie alihisi vidole vikipoa. Jasho likawa baridi kama maji ya kisima. Jiwe moja likawa mawili, mawili yakawa manne, na sauti za watu waliokuwa wakimshangilia zikaenda mbali, kama redio ya jirani. Alitaka kuutoa mguu kwenye kanyagio akakuta hakumbuki mguu unatolewaje. Baiskeli ikayumba, ikaanza kulala upande wa mtaro wa mawe.

"Binti, kanyaga!" Gust aliita kutoka nyuma. "Kanyaga, binti! Binti?"

Kisha Gust Roelandts, mwenye mistari thelathini, aliteremsha mguu. Aliteremsha wa kulia, akateremsha na wa kushoto, akaiachia baiskeli yake ianguke kwa kishindo, akamdaka Rozemie kwa mgongo wa jezi. Mkono wake ukakutana na kitu laini mfukoni. Alipokwisha kumkalisha ukingoni, alikichomoa. Kilikuwa bapa kama barua.

"Hiki ni nini?"

"Gust," Rozemie alinong'ona, midomo myeupe, "mguu wako."

"Mguu wangu naufahamu, tumezaliwa siku moja. Nimekuuliza hiki ni nini."

"Keki."

"Basi kunywa hiki kwanza, taratibu." Akampa chupa yake ya maji ya sukari. "Kidogo. Tena. Sasa keki, chembe kwa chembe, kama ndege. Usiponimalizia hii keki nitakulisha kama mtoto mbele ya umati huu, na wana simu za kupiga picha."

Ilichukua robo saa rangi kumrudia usoni. Machozi yalikuja kabla ya rangi. Wakaupanda Ukuta kwa miguu, wakisukuma baiskeli zao, na Gust hakuuliza neno jingine.

Jioni ile mkahawa ulijaa. Odette alisimama mbele ya ubao, kopo la rangi mkono mmoja, brashi mkono wa pili, akaita majina. Alipofika kwa Gust aliinua brashi bila hata kungoja jibu.

"Iweke chini, mama," Gust alisema. "Mimi leo sina. Niliteremsha mguu."

Mkahawa ukalipuka.

"Spoku imekatika!"

"Mleteeni babu fimbo!"

"Miaka thelathini, halafu siku ya mwisho! Wewe Gust!"

Gust alikunywa bia yake, akafuta povu mdomoni. Hakumtazama hata mara moja Rozemie. Siri ilikuwa salama kabisa. Mlinzi wake alikuwa akipigwa mawe ya maneno wala hasemi. Rozemie aliyasikia yale mawe moja baada ya jingine, akaona kwamba yote yalirushwa kwenye anwani isiyo yake. Akasimama.

"Mwacheni. Aliteremsha mguu kwa ajili yangu." "Hakuna supu ya mboga. Tangu Januari najichoma sindano za kupunguza uzito. Ziko kwenye friji ya kibanda, nyuma ya ndoo ya mayonesi. Na sindano haina kosa. Mimi ndiye niliyeiwahisha siku tatu, nikaja hapa sijala tangu jana, nikaificha na keki mfukoni. Asingenidaka, sasa hivi mngekuwa hospitali mnanitafutia meno."

Hakuna aliyecheka. Kisha kutoka kwenye kona, mwenyekiti wa klabu, mwenye tumbo kama ngoma ya harusi, aliuliza kwa sauti ya chini:

"Samahani, ni daktari yupi huyo?"

Hapo ndipo paa lilipotaka kuruka kwa vicheko, na Rozemie, kwa mara ya kwanza, hakuwa ameanza yeye.

Odette alingoja vicheko viishe. "Sheria ni sheria," akasema. "Gust, huna mstari. Rozemie, huna jina." Akafunika kopo, akakigonga kifuniko kwa ngumi. "Lakini nilisema nafunga mkahawa. Sikusema rangi imekauka. Ubao utakwenda kwenye kibanda cha chipsi, kopo nakwenda nalo nyumbani. Siku mwili wako ukikubali, binti yangu, mnipigie simu."

Rozemie alirudi kwa daktari akasema yote. Alikaripiwa kidogo, akapimwa sana, na sindano ikarudi Jumatatu yake. Kisha alifanya jambo ambalo muuza chipsi pekee angelifikiria: aliichukua kibandani ile saa ndogo ya kengele inayomwambia viazi vimeiva, akaifunga kwenye usukani wa baiskeli. Kila baada ya dakika ishirini na tano ililia, na kila ilipolia alikula, awe na hamu asiwe nayo: nusu ya ndizi, kipande cha mkate na jamu, tende mbili. Gust, aliyejiteua kuwa mkufunzi bila kuombwa, kila kengele ilipolia alipaza sauti:

"Viazi tayari!"

Mizani ilipanda hadi themanini na nne. Rozemie aliitazama, akaisukumia chini ya kabati kwa kidole cha mguu.

Jumanne moja ya Oktoba, manyunyu yakianguka na mawe yakiteleza kama sabuni, waliuanza Ukuta wawili tu. Hapakuwa na umati. Palikuwa na paka mmoja na Odette, aliyekaa kileleni kwenye kiti cha kukunja, mwavuli begani, kopo miguuni. Kwenye kona ile ya mtu mwenye nyundo, kengele ililia.

"Viazi tayari!" Gust alihema kutoka nyuma.

Rozemie hakumjibu, kwa kuwa mdomo ulikuwa umejaa tende. Alitafuna, akakanyaga, akatafuna, akakanyaga, kona ya mwisho ikamfungukia, na gurudumu likagusa ngazi ya kanisa. Mguu wake haukuwa umegusa kitu.

Siku hizi, ukingoja chipsi zako pale karibu na kituo, utauona ubao juu ya friji. Chini ya jina la baba na la kaka pameandikwa Rozemie. Kwa Gust kuna mstari wa thelathini na moja, umelala kidogo, kama baiskeli iliyoegemezwa. Odette alisema ule uliolala ni wa mguu ulioteremshwa. Na mteja akiuliza ilikuwaje kilo themanini na moja zikaanguka mahali ambapo themanini na nne zilipita, Rozemie humpa uma wake wa mti, humwambia ale kwanza, kisha humjibu: ukitaka kuruka, agana na nyonga.