Siku Pimbi Alipolikalia Gamba

Paukwa!
Pakawa.
Pakawa na mlima?
Ukawapo.
Na mlima una nini?
Una utelezi.
Basi shikaneni mikono, msije mkanitelezea kabla sijafika katikati.

Hapo kale wanyama wa mlimani walikuwa na mchezo wao. Masika yakimalizika, udongo mwekundu umelowa na nyasi zimelala, kila mtu hutafuta gamba la mgomba, lile la ndani lenye ute, akalikalia na kushuka mlima kwa makalio, sururuuu, mpaka chini. Miteremko ilikuwa mitatu. Wa kwanza ulikuwa wa watoto. Wa pili ulikuwa wa wakubwa. Wa tatu uliitwa Rohojuu, kwa sababu mwili ukishafika chini roho huwa bado iko juu, inauliza kulikoni.

Rohojuu ulianza na ukingo mpana uliolala vizuri, kisha ardhi ikakatika ghafla, huoni tena kitu ila migongo ya ndege wanaopita. Katikati lilitokeza jiwe waliloliita Jino. Ukilipita Jino unaruka mtaro, na ukiuruka mtaro unaingia topeni. Ukifika topeni na miguu yako yote minne, umeshuka.

Mteremko huo ulikuwa na sheria, nayo ilitungwa kwa sababu ya foleni. Zamani watu walikuwa wanakalia gamba, wanachungulia, wanainuka, wanakalia tena, na nyuma yao mstari unafika porini. Wazee wakachoka. Wakasema: aliyekalia gamba juu ya Rohojuu ameshatoa neno. Ana muda mpaka jua la utosi. Akiinuka bila kushuka, nyumba yake ni ya yule aliyemwona. Wakikaa wawili, wa mbele ndiye mshukaji. Wa nyuma ni abiria, na abiria ana ruhusa ya kuinuka akitaka, maana kina mama walikuwa wakipakia watoto, na watoto wana vilio vyao.

Sasa, Pimbi. Kanyama kadogo ka kwenye majabali, kenye meno mawili ya mbele na maneno mengi. Hakuna aliyeujua Rohojuu kama yeye. Kwenye kila baraza yeye ndiye msemaji. "Kwenye Jino unalalia kushoto," alikuwa akisema. "Usipolalia kushoto, tusilaumiane." Watu wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyemuuliza ameshuka lini. Mkewe peke yake ndiye aliyewahi kumuuliza, naye akamjibu kwamba ameshuka mara mbili, na habari hiyo ikaenea mlima mzima.

Ukweli ni kwamba hakuwahi kushuka hata mara moja, na jambo hilo lilimwasha mchana kutwa. Kila asubuhi alipanda peke yake, akasimama ukingoni, akatazama, akarudi nyumbani, akashindwa kula. Kesho yake akapanda tena.

Asubuhi moja alipanda kama kawaida yake. Umande ulikuwa mwingi, makalio yakapata baridi, na pembeni kulikuwa na gamba ambalo mtu alikuwa amelitupa. Akalikalia. Alilikalia kama unavyokalia mkeka, bila nia yoyote.

"Nimekuona," ikasema sauti nyuma yake.

Alikuwa Nyegere. Nyegere ana kucha za kupasulia mizinga, ngozi isiyosikia mwiba, na tumbo lisilojua neno basi. Siku nyingi alikuwa akiitamani nyumba ya Pimbi, kwa sababu ukuta wa nyuma wa pango lile ulijaa nyuki, na nyuki wale walikuwa na asali. Pimbi na nyuki waliishi kwa salamu tu, asubuhi na jioni, kila mtu na lake.

"Nimekaa tu, jirani," Pimbi akasema. "Chini kumelowa."

"Sheria haiulizi umekaa kwa nini. Ama ushuke, ama mimi nihame nilipo nije kwako." Nyegere akajilaza kwenye nyasi, akaanza kujilamba midomo.

Pimbi akatazama chini. Kuinuka hainuki, kushuka hashuki. Akatikisa mguu wa kulia. Akatikisa mguu wa kushoto. Akajikuna sikio lisilowasha.

"Sasa nashuka," akasema. Hakushuka.

"Nasubiri," akasema Nyegere.

"Upepo huu si mzuri."

"Upepo umetulia."

"Ndiyo maana."

Jua likapanda. Kuinuka hainuki, kushuka hashuki. Akasogea mbele kidogo, gamba likalia fyuu, akarudi nyuma haraka. Akasogea mbele tena, likalia fyuu, akarudi tena. Alitaka kushuka, jamani, msimwone mwongo mkadhani hana moyo. Miguu ilitaka, macho yalitaka. Kitu kimoja tu kilikataa, nacho hakukijua kiko wapi mwilini, kwa hiyo hakuweza kukibembeleza.

Habari hazina miguu lakini hufika. Mkewe akaja anahema, mtoto mgongoni.

"Baba watoto, nasikia umelikalia."

"Nimelikalia."

"Basi shuka turudi nyumbani. Si ulishashuka mara mbili?"

Pimbi akatazama mawingu. "Utelezi wa mwaka huu ni mwingine," akasema.

Mkewe akamwangalia, akaangalia Nyegere, akaangalia jua. "Nikafunge vyombo au nisifunge?"

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini?"

Mke akageuka akaenda kufunga vyombo, na Pimbi akamsikia njiani akiwaambia majirani kwamba watahamia chini ya jiwe lolote litakalokuwa wazi. Hapo ndipo uchungu ulipomshika. Pale pangoni wanawe watatu walizaliwa, na pale pangoni ndipo alipolala baba yake. Na sasa yote yaende kwa ajili ya makalio yaliyopata baridi? Alijionea aibu hata macho yakalowa.

Lakini akili ya Pimbi haikai kimya hata ikiwa na msiba. Akayaacha macho yake yaende upande, chini ya Jino, yakatulia pale. Akaanza kuhesabu polepole midomoni: "Saba... nane... hao wengine wanaingia... tisa..."

Nyegere akainua kichwa. "Unahesabu nini?"

"Hakuna kitu."

"Umesema wanaingia."

"Nyuki, jirani. Kwenye ufa, chini ya Jino. Ule mzinga wangu wa nyumbani ni wa kulamba kidole tu. Huu, sijui niseme nini. Unadhani kila asubuhi huwa nafuata nini huku?"

Nyegere akasimama akachungulia. Hakuona kitu. Akalala kifudifudi akachungulia. Hakuona kitu. Akazunguka kulia, akazunguka kushoto, jasho linamtoka. "Mbona sioni?"

"Unaonekana kutoka hapa nilipo tu, kwa mtu aliyekaa. Ila wewe ukikaa hapa itahesabiwa umelikalia gamba, hivyo bora uache."

Nyegere akafikiri. Kufikiri hakukuwa kazi yake, lakini akafikiri. "Gamba hilo limeshakaliwa na wewe," akasema mwishoni. "Mtu hawezi kukalia lililokwisha kukaliwa."

"Hapo umenishinda," Pimbi akasema. "Mimi sina elimu hiyo."

Akasogea nyuma. Nyegere akajipenyeza mbele yake, pwata, makalio yote mawili juu ya gamba. Pimbi akainuka taratibu, akapangusa manyoya.

"Nimekuona," akasema.

Nyegere hakusikia. "Wako wapi?"

"Inama kidogo."

Akainama.

"Kidogo tena."

Akainama tena, na uzito wa Nyegere si wa kuinama nao mahali kama pale. Gamba likalia fyuu. Akatoa kucha zake zote kumi za mbele, ila kucha za kupasulia mizinga hazishiki ute wa mgomba. Sururuuu! Kwenye Jino, pa! Kwenye mtaro, kimya kirefu, huyo hewani. Topeni, bwata!

Kule chini kulikuwa na kundi la kanga wakichakura. Wakatawanyika, wakarudi, wakalizunguka tope. Pimbi akachungulia kutoka juu, roho inamdunda, maana alitaka nyumba yake tu, hakutaka kuua mtu. Tope likatulia. Kisha likafumuka, kikatoka kichwa chekundu chenye macho mawili, na kichwa kile kikacheka. Kanga wakapiga vigelegele mlima mzima ukasikia.

Pimbi akakimbia nyumbani kumwambia mkewe afungue vyombo. Alikuwa bado njiani alipokutana na Nyegere anapanda, anachuruzika tope, na kwapani ana gamba jipya.

"Kuhusu ule mzinga, jirani," Pimbi akaanza, akijiandaa kukimbia.

"Mzinga gani?" akauliza Nyegere, akapita.

Siku ile Nyegere alishuka mara tano. Alasiri akasimama mbele ya baraza, kanga wamemzunguka, akasema, "Kwenye Jino unalalia kulia. Anayelalia kushoto anaacha meno pale." Watu wakaitikia kwa vichwa. Halafu vichwa vyote vikamgeukia Pimbi, na Pimbi akakumbuka ana kazi mahali.

Alirudi kwenye pango lake, lake kabisa, hakuna wa kulidai. Mkewe akampa majani mabichi. Akayatafuna yakawa hayana ladha. Akakaa, akainuka. Akalala, akainuka. Akahamisha jiwe kutoka mlangoni akalipeleka ukutani, akalirudisha mlangoni. Nyuki wakamsalimia, hakuitika.

"Una nini wewe?" mkewe akauliza. "Nyumba si umeiokoa?"

"Nimeiokoa."

"Sasa?"

Akatoka. Jua lilikuwa limeelekea magharibi na mvua nyepesi ilikuwa inaanza, watu wote wameshakwenda kwao. Akaokota gamba lililotupwa, akapanda mpaka juu. Hapakuwa na Nyegere, hapakuwa na kanga, hapakuwa na jicho hata moja. Angeweza kulikalia gamba na kuinuka mara mia, hakuna wa kumwambia kitu. Akalikalia.

Akasubiri kile kinachokataa kikatae. Kilikataa, kama asubuhi. Safari hii hakukibishia. Alikipakia nyuma kama abiria, akajisukuma.

Sururuuu! Tumbo likabaki juu. Masikio yakaziba. Jino likamjia usoni, akalalia kulia, likapita kando ya sharubu zake. Kisha mtaro, na chini yake hakuna kitu, hakuna kitu kabisa, akajisikia mwepesi kuliko siku zote za maisha yake. Bwata! Akahesabu miguu. Minne.

Akacheka peke yake topeni mpaka machozi yakamtoka. Mvua ikamwosha. Akakimbia kwenye mti wa kanga, waliokuwa wanapanda kulala. "Nimeshuka," akawaambia. "Nimeshuka Rohojuu, sasa hivi, peke yangu, nikalalia kulia."

"Tunajua, Bwana Pimbi," wakajibu kwa adabu. "Umeshuka mara mbili."

Akakimbia nyumbani. "Mama watoto, nimeshuka."

Mkewe alikuwa anawafunika watoto. Hakugeuka. "Sawa, baba watoto," akasema. "Sasa kula."

Hadithi yangu imeteleza imefika chini. Anayetaka kuipandisha tena juu, aibebe mwenyewe. Mkiniuliza inafundisha nini, inafundisha kusema kweli, wanangu. Uongo ulimpa Pimbi nyumba tu, mke na wana wakabaki na pa kulala. Ukweli ndio uliompa heshima yote ile mliyoiona.