Paa Lililokwenda Upande

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa sanduku la magurudumu: likilala ni sanduku, likiamka ni nyumba. Na wewe unayebisha huko nyuma, nyamaza kwanza, msimulizi ni mimi.

Hapo kale, chini ya kilima cha mawe, wasafiri waliacha trela kuukuu la kukunja. Ukilitazama, ni sanduku tu, kimo chake kiunoni. Lakini ubavuni lilikuwa na hendeli ya chuma. Ukiizungusha, kwirr, kwirr, kwirr, paa linapanda! Linapanda juu ya miguu minne ya chuma, kuta za turubai zinanyooka, mlango unatokea. Lo! Wanyama wote waliachama. Twiga alisahau kutafuna. Bi Pimbi, mdogo kuliko wote, alitokwa na machozi kwa uzuri wa jambo lile. Kila paa lilipopanda alikuja kutazama. Wenzake walitazama juu, yeye alitazama chini, aone miguu inavyofanya kazi.

Shida ni kwamba hendeli alikuwa nayo Nyani, mwenye nguvu nyingi na tumbo lisilojua "basi". Hata usingizini aliikumbatia.

"Mzee Nyani," Pimbi alimwomba, "masika hayo yanakuja. Pango langu linaingia maji, na mwaka jana yalinichukulia mtoto. Hawa watatu waliobaki wapatie pembe moja tu."

"Pembe zote nne ni zangu," akasema Nyani.

Mawingu yakatanda. Nyani akakimbilia nyumba yake, mkono mmoja muhindi, mkono mmoja hendeli. Akazungusha. Kwirr, kwirr, kwaa! Pembe tatu zikapanda, ya nne ikabaki chini. Akazungusha kwa hasira. Kwaa! Akazungusha kwa matusi. Kwaaa! Paa likaenda upande, mlango ukagoma.

"Limerogwa!" akapiga kelele. "Nani kaliroga paa langu?"

Pimbi akaja mbio. Akalizunguka trela, akigonga mguu mmoja mmoja. Ti. Ti. Ti. Wa mwisho ukalia du. Akachungulia. Komeo la pembe ile, linaloshikilia paa chini, lilikuwa bado limefungwa, na mguu uliolazimishwa kupanda ulikuwa umepinda kama upinde. Pimbi akashika mdomo. Chuma chote kile, na Nyani amekikunja kwa kuzungusha tu!

"Mzee, ulifungua makomeo yote?"

"Yote!" Mdomo umejaa mahindi.

"Na hili?"

Nyani akatazama kando. "Hilo limejifunga lenyewe."

"Haya. Mguu huu umepinda, hausukumi tena. Paa litapanda endapo mwenye nguvu ataibeba pembe hii mabegani, na mwingine azungushe. Ngoja nikamwite Kifaru."

"Kifaru!" Nyani akavimba. "Kifaru ana nini? Shika hendeli hii!"

Pimbi akafungua komeo. Nyani akaingiza mabega chini ya pembe. Pimbi akaning'inia kwenye hendeli, watoto wake wakaning'inia kwake. Kwirr, kwirr, kwirr! Paa likapanda, pembe zote sawasawa, turubai likanyooka, mlango ukafunguka. Kilima kizima kikaachama kwa mshangao. Hata Nyani alisahau kununa.

"Kumbe nyumba yangu ni nzuri hivi!"

Mvua ikashuka, chwaaa! Pimbi akaingiza watoto wake, naye akaingia, akavuta mlango.

"We Pimbi! Na mimi je?"

"Usiachie, Mzee! Ukiachia, na miguu mingine itapinda, nyumba yako haitasimama tena maisha!"

Nyumba yangu, Nyani akawaza. Akashika. Mvua ikampiga mgongoni, akashika. Maji yakamwingia masikioni, akashika. Wapita njia wakasimama, "Tazameni nguvu za Nyani!" Naye akavimba, akaloa, akashika. Ndani, Pimbi aliwapapasa watoto wake mmoja mmoja gizani. Wote wakavu. Wote wapo.

Basi funzo ni hili, wanangu: msiwaseme vibaya wachoyo. Nyani angekuwa mkarimu, angekwisha kuiachia nyumba, na paa angelishika nani? Kila mtaa na ufuge mchoyo wake, tena umlishe vizuri.

Ngano yangu naitua hapa. Aliyeloa akajianike, aliyekauka amshukuru Nyani.